Kinywa cha Ukumbi wa Mwisho

Kama unakula, maliza kwanza. Mimi mwenyewe siwezi kuyasimulia haya bila kichefuchefu kunipanda, na hapa nilipokaa kuandika nimeweka beseni karibu.

Aliyenisimulia ni mama yangu, na mama si mtu wa kutia chumvi. Mwulize habari za ajali, atakwambia gari limegonga ukuta, basi. Rangi ya gari utaitafuta mwenyewe. Haya alinipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, tukiosha vyombo au tukikunja nguo, na kila mara alisimama palepale alipochoka na kuanzia palepale siku nyingine. Hakubadilisha neno.

Mama alikuwa anauza tiketi kwenye jumba la makumbusho. Aliyemtafutia kazi hiyo ni dada yake, mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa amekaa pale muda mrefu mpaka wageni wengine walidhani jumba ni lake. Mama mkubwa alizaliwa na kinyaa. Hakunywa maji kwenye glasi iliyooshwa na mtu mwingine. Ukimpa mkono aliupokea kwa adabu zote, lakini mkono wake ule ulibaki umening'inia mbali na gauni mpaka aone bomba. Tulimtania kwamba siku atakapokufa atataka kaburi lipigwe deki kwanza. Alikuwa anacheka, halafu anatuuliza kama tumenawa.

Ulipokuja ule ugonjwa wa mapafu, dunia nzima ikageuka kuwa mama mkubwa. Jumba lilifungwa, kisha likafunguliwa kwa masharti, na Mkurugenzi akamkabidhi yeye usalama wa wageni na wafanyakazi. Hakuna aliyebisha, maana nani angebisha? Alibandika mishale sakafuni ili watu waingie huku na watokee kule. Aliweka kioo cha plastiki kwenye kaunta ya mama, akageuza mabenchi yote yakatazama ukuta, akafungua madirisha ambayo yalikuwa yamekwama tangu jengo lijengwe. Kila penye mlango alitundika chupa ya sanitaiza, na juu ya kila chupa akachora mikono: kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, mgongo wa mkono, dole gumba.

Wengine walidhani anafanya kwa ajili ya cheo. Alikuwa anafanya kwa ajili ya mdogo wake. Mama alizaliwa na kifua kibovu, na bibi alipofariki ni mama mkubwa aliyebaki kumlea, akimkalisha wima kitandani na kumsugua mgongo mpaka pumzi irudi. Ugonjwa ule ungempata mama, ungemmaliza. Mama mkubwa aliomba mdogo wake abaki nyumbani, Mkurugenzi akasema anayebaki nyumbani nafasi yake inajazwa, na sisi tulikuwa tunakula kwa mshahara huo. Basi mama mkubwa akaapa kwamba atalisugua jengo lile mpaka hewa yenyewe itakate.

Na angefaulu, kama si kile kilichokuwa ukumbi wa mwisho.

Kulikuwa na sanamu iliyochongwa kwa mti, kubwa mno kuingia kwenye kabati la kioo, kwa hiyo ilisimama wazi. Ilikuwa ya mzee aliyechuchumaa, tumbo kama mtungi, na kichwa chake karibu chote kilikuwa kinywa. Macho na pua vilibanwa juu kabisa, kana kwamba mchongaji alivikumbuka baadaye. Wafanyakazi walimwita Babu Kinywa. Wanaotembeza wageni walikuwa na hadithi yao ya kuchekesha pale: huko alikotoka, mgonjwa alitema mate ndani ya kinywa, naye Babu akaumeza ugonjwa. Wageni walicheka. Mtembezaji akigeuka tu, kuna mtu ametema.

Walitema, nakwambia. Watu wazima na tai zao shingoni. Walitema mate na makohozi, walitema tumbaku, watoto walitema pipi za kutafuna zilizokwisha utamu. Hata ugonjwa ulipokuja hawakuacha; ndipo walipozidi. Mama mkubwa alikuwa anapita kila asubuhi na kitambaa kwenye kijiti, uso ameugeuza pembeni, anakitia ndani ya kinywa mpaka tumboni. Kitambaa kilitoka kikavu. Vumbi tu. Mtu mwingine angejiuliza vitu vyote vile vinakwenda wapi. Yeye alishukuru kwamba kazi moja ya kinyaa imepungua.

Siku moja, muda mfupi baada ya jumba kufunguliwa, alimkuta mgeni ameteremsha barakoa mpaka kidevuni, amejinyoosha, anamkohoa Babu usoni. Hilo lilitosha. Mchana uleule alichukua nailoni ngumu, utepe mpana wa gundi na dawa ya kuulia vijidudu. Alinyunyiza dawa ndani ya kinywa mpaka ikachuruzika kidevuni, kisha akaziba. Aliyemshikia ngazi ni mlinzi wa ukumbi ule, mwanamume mfupi waliyemwita Kibiriti kwa sababu alikuwa anawaka upesi.

"Dada mkubwa, tunamziba mtu mdomo," Kibiriti alisema.

"Huu ni mti."

"Najua ni mti. Lakini anavyotutazama sipendi."

"Sogeza ngazi," mama mkubwa akamwambia.

Alipigilia utepe kwa viganja, akazungusha mara ya pili, akashuka. Mkurugenzi alipita, akaona, akasema hiyo ndiyo kazi.

Kesho yake nailoni ilikuwa na ukungu upande wa ndani.

Mama mkubwa alisema ni dawa inakauka. Siku iliyofuata ukungu ulikuwa matone, na matone yakateremka yakakusanyika chini kwenye mkunjo. Alisema ni joto. Kisha nailoni ikaanza kuvimba. Ilitoka mbele kidogo, ikarudi. Ikatoka, ikarudi. Kibiriti alihamisha kiti chake mpaka mlangoni, na mama mkubwa hakumuuliza kwa nini. Mwisho wa juma nailoni haikurudi tena. Ilibaki imetuna kama shavu la mtu aliyejaza maji mdomoni, na kilichokuwa nyuma yake kilikuwa cha njano, kizito, kina mapovu.

Alikusudia kuifungua na kusafisha. Alivaa glavu, akavaa glavu nyingine juu yake, akafika mpaka pale. Akasikia kishindo kidogo cha koo, kama mtu anayejaribu kumeza akashindwa. Mama mkubwa akageuka, akaenda kuhesabu barakoa stoo. Zilikuwa zimeshahesabiwa.

Halafu ikaja habari ya chupa.

Ilikuwa asubuhi nzuri, foleni mlangoni imenyooka, kila mgeni kwenye alama yake. Mtoto mmoja alibonyeza sanitaiza, akasugua, akanusa viganja vyake.

"Mama, haya ni mate."

Watu walicheka. Mama mkubwa naye alitaka kucheka. Akasogea, akabonyeza chupa mwenyewe.

Ilitoka ya vuguvugu. Ilivuta uzi, na uzi haukukatika. Alipoinua mkono ulirefuka, ukameremeta, ukabaki umeunganisha kiganja chake na mdomo wa chupa. Harufu ya spiriti haikuwepo. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyetoka kuamka. Alisimama akiwa ameishika mkononi, hana pa kuipeleka, na mbele yake foleni iliendelea. Wageni walibonyeza. Wageni walisugua. Kiganja kwa kiganja, kati ya vidole, mgongo wa mkono, dole gumba, vilevile alivyowafundisha.

Alifungua dumu jipya ambalo kizibo chake hakijaguswa. Vilevile. Akafungua jingine. Akayatoa yote, akaweka ndoo za maji na sabuni, akamwambia Mkurugenzi mzigo umeharibika. Jioni ile, mama alisema, dada yake alijisugua mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikachubuka. Alipokaa mezani hakula. Alikuwa ananusa vidole.

Usiku huohuo mama akaanza kukohoa.

Walimpima ule ugonjwa, hana. Wakampima tena, hana. Daktari aliweka chombo chake mgongoni, akasikiliza muda mrefu, akasema kifua kinasikika kama ndoo iliyojaa na kwamba hajui kimejaa nini. Alimpa dawa. Hazikusaidia kitu. Mama alikohoa akajaza kikombe, akajaza bakuli, ikabidi aletewe beseni. Na hapa ndipo mama anaponisimulia huwa anajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Kila mtu anaijua ladha ya mdomo wake," aliniambia. "Yale hayakuwa yangu."

Mengine yalikuwa na tumbaku, na mama hajapata kuvuta. Mengine yalikuwa matamu. Mengine yalikuwa na uchungu wa dawa za mgonjwa wa siku nyingi. Alikuwa anatapika vinywa vya watu asiowajua, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimpitia ulimini. Siku moja kitu kikamkwama kooni. Alibadilika rangi. Mama mkubwa alimpiga mgongoni, akampiga tena, kikaruka kikatua ndani ya beseni. Kilikuwa pipi ya kutafuna, ngumu kama kokoto, yenye alama za meno madogo.

Mama mkubwa alikiangalia. 

"Tumemziba," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini kabisa. "Sasa walivyotema vinatafuta pa kwenda. Na kifua chako ndio mlango rahisi."

Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba kuitoa nailoni. Hakumweleza sababu, na hata mimi nisingemweleza. Mkurugenzi alikuwa anasubiri wakaguzi wa afya, naye hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza tu kama anataka wageni waanze tena kutemea mate vitu vya jumba wakati watu wanakufa. Mama mkubwa akaaga akatoka. Alirudi nyumbani akamkuta mama amekaa wima, midomo imekuwa ya kijivu, mikono imeshika ukingo wa kitanda. Hakuweza tena hata kukohoa. Palikuwa pamejaa.

Kesho yake ilikuwa siku ya usafi, jumba halipokei wageni. Mama mkubwa alimbeba mdogo wake mgongoni, mwanamke mzima na watoto wake, akamwingiza kwa mlango wa nyuma. Kibiriti alifungua. Alimwona mama, akavua kofia.

"Mimi nitasimama hapa nje," alinong'ona. "Ndani siingii."

Walipita kumbi zote wakifuata mishale. Jua lilikuwa linaingia madirishani, mama anakumbuka, na sakafu ilikuwa safi. Wakafika.

Nailoni ilikuwa imetuna mpaka utepe umenyooka. Mama mkubwa alimketisha mama sakafuni, akapanda kwenye benchi. Alivuta utepe. Nailoni ikaanguka.

Kile kitu hakikumwagika.

Kilisimama. Kilisimama mdomoni kama ukuta, cha njano na kijani, kikitetemeka, kina nywele ndani yake, kina makombo. Harufu ilitoka. Mama anasema ilikuwa kama watu wengi wamemhemea usoni kwa pamoja. Kisha kikarudi ndani taratibu, kikatulia usawa wa mdomo wa chini. Kimejaa pomoni.

"Tema," mama mkubwa alisema.

Alimwinua, akamshika kwapani. Mama akajaribu kutema. Uzi ukatoka, ukadondoka juu ya kile kilichojaa, ukabaki juu. Babu hakumeza. Koo lake la mti likatoa kile kishindo, na likashindwa.

"Hapana nafasi," mama alisema. Au alidhani alisema. Hakuwa na pumzi ya kusemea.

Mama mkubwa alimlaza chini tena. Akavua glavu. Akavua barakoa, ambayo mama hakuwa amemwona bila hiyo ndani ya jumba lile tangu ugonjwa uanze, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mama alimwona anatetemeka kidevu kama mtoto anayelazimishwa dawa.

"Funga macho, mdogo wangu."

Mama hakufunga.

Mwanamke ambaye hakunywa kwenye glasi ya mtu aliinama juu ya kinywa kile. Alishika mashavu ya mti kwa mikono miwili. Aliweka mdomo wake.

Akanywa.

Mama aliona koo lake likipanda na kushuka. Likapanda. Likashuka. Mara moja alisita, mabega yakaruka, tumbo likajikunja, na mama akaomba Mungu dada yake atapike. Hakutapika. Alijikaza kisabuni, akarudi. Sauti ilikuwa ya mtu anayemaliza uji wa chini ya bakuli. Mama anasema angesahau yote, sauti ile hawezi.

Kisha Babu Kinywa akameza.

Mara moja tu. Vioo vya makabati vyote vilitikisika. Kifua cha mama kikafunguka, pumzi ikaingia mpaka chini kabisa, mahali ambapo haijapata kufika tangu azaliwe. Alilia. Alipofuta machozi, dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo wima, anajifuta pembe za mdomo kwa kidole, kushoto na kulia, kama mtu aliyeshiba.

"Twende nyumbani," alisema.

Wiki ileile sanamu ilipasuka kuanzia mdomo mpaka tumboni, ikapelekwa stoo. Sanitaiza zilizoletwa baadaye zilikuwa sanitaiza. Mkurugenzi alimsifu mama mkubwa kwa wakaguzi, maana katika jumba lile hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekufa.

Mama mkubwa alihamia kwetu moja kwa moja. Hakuugua, na alikula kidogo sana. Hapa sasa nazungumzia niliyoyaona mwenyewe. Mtu akikohoa ndani ya nyumba, yeye alinyamaza, akageuza kichwa kuelekea kikohozi kilipotokea, na koo lake likapanda na kushuka. Aliyelala na mafua aliamka mzima. Aliamka na mto umelowa. Mimi mwenyewe niliamka hivyo nikiwa msichana, pua imezibuka, kifua chepesi, na midomo yangu imelowana mate yasiyo yangu. Nilijua si yangu. Kila mtu anaijua ladha ya mdomo wake. Nilisugua meno mpaka fizi zikatoka damu, na kwa muda mrefu sikuweza kukaa naye meza moja, ingawa alikuwa ananipenda na mimi nilikuwa nampenda. Aliona. Akaanza kula chumbani kwake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kinyaa chenyewe.

 Mama alikuwa anavua foronya, anafua, anaanika.

Mama mkubwa alifariki usingizini, uzee tu, tukamzika. Namwambia ukweli wangu asomaye: katikati ya machozi, kuna sehemu yangu ilipumua. Nikadhani nyumba sasa imekuwa kavu.

Wiki hii mwanangu, ambaye bado hajajua hata kukaa, alipatwa na kifua. Kifua cha bibi yake hichohicho. Hospitali walijaribu, wakaturudisha na dawa na macho ya kukwepa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nilifunga madirisha kwa baridi, nikafunga mlango, nikakaa kando yake nimemshika mguu. Kulipokucha usingizi ukanichukua.

Nilipozinduka, jua limeshapanda na chumba kiko kimya. Nilidhani amekufa. Nikaweka sikio. Kifua kilikuwa kinakwenda polepole, kikavu, kizuri. Kidevu chake kiling'aa. Kuzunguka midomo yake kulikuwa na duara la ute, pana kama mdomo wa mtu mzima, na mto wake ulikuwa umelowa chapachapa.

Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani.

Nilitapika kwanza. Kisha nilimwita mama. Aliingia, akamwangalia mjukuu wake, akainama akanusa foronya. Nilimwona akitabasamu na kukunja uso kwa wakati mmoja.

"Dada hajambo," alisema, akaivua, akaenda kuifua.

Foronya ile iko kambani tangu juzi. Jua limewaka kutwa nzima, jana na leo, na nguo zote zilizoanikwa pamoja nayo zimekauka na kukunjwa. Yenyewe bado inadondoka. Uzi unateremka kutoka kwenye pindo, mrefu, haukatiki, unagusa ardhi. Nimemwambia mama tuichome moto. Ameniuliza mtoto akikohoa tena nitamwita nani, na mimi sijamjibu, ila usiku wa jana sikufunga dirisha.